Afya ya Askari Baada ya Vita: Kutoka Ipyana ya Mwaka 1916 hadi Zahanati ya Leo

Mwishoni mwa Mei 1916, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakavishambulia vituo vya Wajerumani vilivyotanda kuanzia nyanda za juu hadi tambarare ya Ziwa Nyasa. Kimojawapo kilikuwa Ipyana, iliyoandikwa "Ipiana" katika nyaraka za wakati ule. Katika siku chache Wajerumani walirudi nyuma, na Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, ikaangukia mikononi mwa Waingereza. Vitabu vya historia ya vita huondoka Kyela hapo na kulifuata jeshi katika safari yake ya kuelekea Iringa. Kwa mtu wa afya, habari yenyewe ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu wengi wa waliopoteza maisha katika kampeni ile ya Afrika Mashariki hawakufa kwa risasi.

Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria na kwa nimonia, na waliokufa zaidi walikuwa wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake, hesabu inayonukuliwa mara nyingi na wanahistoria ni ya wapagazi wapatao 95,000 waliokufa kati ya takribani milioni moja walioandikishwa. Ng'ambo ya Mto Songwe watu hao waliitwa tenga-tenga. Walibeba risasi, unga na majeruhi vichwani na mabegani, katika nchi ambayo farasi na nyumbu walikufa kwa nagana iliyoenezwa na mbung'o. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa chakula chenyewe kiliua. Mgawo mkuu ulikuwa unga wa mahindi, mara nyingi wa kukoboa vibaya na wenye chenga, ambao huhitaji maji safi, kuni kavu na muda mrefu wa kupikwa. Mpagazi aliyefika kambini usiku wa mvua hakuwa na hata kimoja kati ya vitatu hivyo. Waliotoka katika nchi za ndizi waliumia zaidi, kwa maana matumbo yao hayakuzoea chakula hicho, na yeyote anayejua mezani pa Kyela kunaliwa nini ataelewa maana ya kubadilishiwa ndizi na wali kwa unga mbichi kwa miezi kadhaa. Mwishoni mwa vita, mwaka 1918, ilikuja homa ya mafua makali. Iliwakuta watu hawa wakiwa wamedhoofu, ikawafagia makambini kisha ikafuatana na waliosalia hadi vijijini kwao.

Somo la kwanza la utafiti wa afya ya askari limo humo, nalo ni kongwe kuliko chuo kikuu chochote cha nchi hizi: jeshi huumizwa na mazingira yake kabla ya kuumizwa na adui, na mzigo mzito hubebwa na yule asiyehesabiwa kuwa askari. Mpagazi mara nyingi hakupimwa wakati wa kuachiliwa, na aliporudi nyumbani na kikohozi au utumbo ulioharibika hapakuwa na daftari lililomtaja. Katika miaka ya 1970 mwanahistoria Melvin Page aliwahoji wazee wa Malawi waliopita katika vita hivyo, wapagazi na askari pia. Kazi hiyo, iliyokuja kuchapishwa kama kitabu mwaka 2000, ni miongoni mwa chache zilizompa mtu wa Ziwa Nyasa nafasi ya kueleza kwa kinywa chake mwili wake ulipitia nini. Inasikitisha kwamba swali hilo lilisubiri zaidi ya nusu karne na kuulizwa na mwanahistoria, si na mganga.

Vita vya Pili vya Dunia vilifundisha upande wa pili wa somo hilo hilo. Watanganyika takribani 87,000 waliandikishwa, na baadhi yao walipigana Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya Asia, mahali palipojulikana kwa malaria na homa ya papasi wadogo. Kamanda wa jeshi lote, Jenerali William Slim, alikuwa ameona kwamba malaria inamnyang'anya askari wengi kuliko Wajapani. Aliagiza kila askari ameze mepakrini, vidonge vya manjano vilivyoigeuza hata ngozi kuwa ya manjano, kisha akaagiza wanajeshi wapimwe bila taarifa. Kikosi ambacho chini ya asilimia 95 ya watu wake walikutwa na dawa mwilini, kamanda wake alifukuzwa kazi. Slim aliandika baadaye kwamba alilazimika kuwafukuza watatu tu, waliobaki walielewa. Kipimo hicho kilifanywa kuwa jukumu la kamanda kama ilivyo silaha, na wagonjwa wakapungua.

Malaria huonekana kwenye darubini. Jeraha la akili halionekani, na kwa sababu hiyo lilichelewa kuaminiwa. Mwaka 1915 daktari Mwingereza Charles Myers aliandika katika jarida la The Lancet juu ya askari waliotetemeka, waliopoteza kuona au kumbukumbu baada ya makombora kulipuka karibu nao, ingawa miili yao haikuwa na jeraha. Wengine wenye hali hiyo walitibiwa. Wengine waliitwa waoga. Kwa askari Mwafrika hapakuwa hata na ubishi wa namna hiyo. Daktari J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya akili ya Mathari jijini Nairobi, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 akidai kwamba akili ya Mwafrika ni pungufu kwa maumbile yake. Madai hayo yamekwisha kukataliwa na sayansi, lakini madhara yake hayakwisha siku hiyo hiyo. Pale ambapo daktari anaamini kwamba mgonjwa wake hana undani wa kuumia, hawezi kuuliza ameumia wapi, na kizazi kizima cha waliotoka Burma kilirudi mashambani bila kuulizwa.

Jina la kitabibu linalotumika leo, ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe, liliingia katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, kwa msukumo mkubwa wa wanajeshi waliotoka Vietnam. Tangu hapo vyuo vikuu kadhaa duniani vimefungua vitengo vya kuchunguza afya ya askari na wastaafu wa jeshi. Kinachojulikana sana ni kile cha King's College London, ambacho tangu mwaka 2003 kimewafuatilia maelfu ya wanajeshi wa Uingereza waliokwenda Iraq na Afghanistan pamoja na wenzao ambao hawakwenda.

Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Mwanzoni ni takribani watu 4 tu kati ya 100 waliokuwa na dalili za ugonjwa huo, idadi ndogo kuliko ilivyohofiwa. Ulevi wenye madhara ulikuwa mara tatu ya hapo. Miaka ilipopita, picha ilibadilika. Katika ripoti ya mwaka 2018, miongoni mwa waliokwisha kuacha jeshi na ambao walikuwa wamepelekwa vitani katika kazi za kupigana, 17 kati ya 100 walikuwa na dalili hizo, ilhali kwa wastaafu waliokuwa vitani katika kazi za ugavi, ufundi na nyinginezo za kusaidia walikuwa 6. Kwa maneno mengine, hatari haikuonekana zaidi kambini bali baada ya kuvua sare. Ndani ya jeshi mtu ana kikosi, ratiba, mshahara na daktari. Akitoka, vyote huondoka kwa mkupuo, na kiwewe kilichokuwa kimefunikwa na pilikapilika hupata nafasi ya kusema.

Takwimu za Uingereza haziwezi kupachikwa Kyela zilivyo. Hata hivyo mwelekeo wake unastahili kuzingatiwa katika nchi ambayo askari wake wengi, wakishastaafu, hurudi kulima. Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979, na pamoja na jeshi la kudumu walipelekwa makumi ya maelfu ya wanamgambo kutoka kila mkoa. Aliyekuwa na miaka 20 siku zile sasa amekaribia 70. Baada yake wamekuja wadogo zake na wanawe, waliokwenda kulinda amani Darfur, Lebanon na Kongo. Tarehe 13 Julai 2013 walinda amani saba wa Tanzania waliuawa Darfur na 17 kujeruhiwa katika shambulio moja. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki katika Kivu Kaskazini, kambi ya Watanzania ilishambuliwa kwa saa nyingi. Wasiopungua 14 waliuawa na wengine wengi wakajeruhiwa. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka waliokufa. Waliopona wanahitaji siku nyingine 364, na nyingi kati ya hizo hupita wakiwa wamekaa kwenye benchi la zahanati wakisubiri kuitwa.

Wanapoingia ndani, hawasemi "vita". Husema mgongo, kichwa, tumbo linawaka, moyo unakwenda mbio, usingizi umekata. Chukua mfano wa mwanamume wa umri wa makamo ambaye amekuja mara nne katika miezi sita. Mara mbili amepewa dawa ya malaria ingawa kipimo hakikuonyesha vimelea, mara moja dawa ya vidonda vya tumbo, mara moja ya maumivu. Mkewe anaeleza kwamba usiku hupiga kelele na amewahi kumkaba bila kujua. Jirani wanasema amerogwa. Kila mtu katika mlolongo huo ameona kitu cha kweli, na hakuna aliyeuliza swali moja jepesi: "Mzee, umewahi kutumikia jeshini, mgambo au polisi?"

Swali hilo halichukui nusu dakika na halihitaji kifaa. Akijibu ndiyo, mtoa huduma anaweza kuendelea na maswali matano yanayotumika katika hospitali za maveterani wa Marekani. Je, katika mwezi uliopita ameota jinamizi la jambo lililompata, au kulikumbuka bila kutaka? Je, amejitahidi kutolifikiria, au kukwepa mahali na watu wanaomkumbusha? Je, amekuwa akikaa macho muda wote kama mlinzi, akishtuka kwa kitu kidogo? Je, amehisi ganzi moyoni, akawa mbali na watu na kazi zake? Je, amekuwa akijilaumu, au kuwalaumu wengine, kwa yaliyotokea? Majibu ya "ndiyo" matatu au zaidi hayatoshi kuwa utambuzi wa ugonjwa, lakini yanatosha kumfanya mgonjwa huyo aketi na daktari au mtaalamu wa afya ya akili kwa muda mrefu zaidi.

Wanyakyusa wana njia yao ya kulifikia jambo hili bila kumwaibisha mtu. Salamu yenyewe, "mugonile", kwa asili huuliza kama mtu amelala. Kwa desturi hujibiwa kwa wepesi, kama ilivyo salamu yoyote. Mtoa huduma akiirudia taratibu, safari hii akimaanisha usingizi wenyewe, mzee aliyekataa kuzungumzia vita huweza kukubali kuzungumzia usiku wake. Usingizi ni mlango wa heshima. Hakuna anayeona haya kusema hakulala.

Kinachotokea ndani ya mwili huo kinaelezeka. Kumbukumbu ya kawaida huhifadhiwa pamoja na mahali na tarehe yake, ndiyo maana mtu hukumbuka msiba wa zamani kwa huzuni lakini anajua kwamba ni wa zamani. Katika hofu ya kifo ubongo huandika haraka na kwa vipande: mlio, harufu ya baruti, jasho, mapigo ya moyo. Vipande hivyo hubaki bila tarehe. Radi ikipiga, na Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kupita kiasi nchini, au pikipiki ikilipua moshi barabarani, kipande kimoja huamsha vingine vyote, na mwili hujiandaa kwa vita vilivyokwisha miaka mingi iliyopita. Huo si woga wala wazimu. Ni king'ora kilichokwama.

Mwili unaoishi na king'ora hicho huchakaa. Tafiti nyingi zimehusisha kiwewe cha muda mrefu na maradhi ya moyo, kwa hiyo shinikizo la damu la mstaafu lipimwe kila anapofika, si anapolalamika tu. Masikio nayo yasisahaulike. Aliyepiga mizinga au kukaa karibu na milipuko huweza kuwa na uziwi na mvumo usiokoma, na mzee anayeonekana mkaidi au mpweke pengine hasikii anachoambiwa. Kisha ipo pombe. Kwa mtu asiyelala, komoni ya jioni ni dawa ya bei nafuu inayofanya kazi usiku wa kwanza, ikidai malipo usiku wa pili, kwa kuwa pombe huvuruga usingizi wa alfajiri na kuzidisha jinamizi. Kumkaripia mlevi wa namna hii kabla ya kumuuliza anakunywa ili asahau nini ni kuanza kazi kwa upande usiofaa.

Zipo pia aibu ambazo si za hofu. Watafiti wa Marekani, tangu mwaka 2009 hasa, wameeleza hali waliyoiita jeraha la dhamiri: mtu anayeteswa na alichokifanya, alichoshindwa kukizuia, au alichoamriwa na mkubwa aliyemwamini. Hapa kusema "uko salama sasa" hakumsaidii, kwa sababu haogopi, anajihukumu. Jamii za Afrika zilijua jambo hili kitambo. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda humpokea aliyerudi kutoka vitani kwa kumkanyagisha yai kabla hajaingia kwao, tendo linalomtangaza kuwa amerudi kuwa mtu wa nyumbani. Mtoa huduma hahitaji kuchagua kati ya ibada, sala na kliniki, mradi mgonjwa mwenyewe asilazimishwe wala kuumizwa, na asiachishwe dawa.

Kuhusu tiba, ushahidi mzuri kwa mazingira ya zahanati umetoka katika nchi jirani. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani waliwafundisha wakimbizi wenyewe, watu wasio na taaluma ya udaktari, kutoa tiba ya kusimulia maisha. Wanyarwanda na Wasomali 277 walishiriki. Baada ya miezi sita, 70 kati ya kila 100 waliopata tiba hiyo hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe, na 65 kati ya 100 waliopata ushauri nasaha wa aina nyingine. Kwa waliofuatiliwa tu bila tiba walikuwa 37. Mwaka 2011 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha matokeo ya kaskazini mwa Uganda, ambako vijana 85 waliowahi kuwa askari watoto walitibiwa na washauri wa huko huko waliopewa mafunzo, kwa vikao vinane. Waliosimulia maisha yao walipona zaidi kuliko wenzao waliopewa masomo ya kufidia shule au waliosubiri zamu.

Namna yake ni rahisi kueleza. Kamba hulazwa sakafuni, ikiwa ndiyo maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Ua huwekwa mahali pa furaha, jiwe mahali pa msiba. Huko mashariki mwa Kongo, ambako njia hii ilirekebishwa kwa ajili ya wapiganaji wa zamani, viliongezwa vijiti kwa ajili ya ukatili ambao mtu mwenyewe aliutenda, maana bila hivyo simulizi ingekuwa nusu. Kisha, kikao baada ya kikao, msimulizi hupita jiwe kwa jiwe akieleza kwa utulivu aliona nini, mwili ulihisi nini, na anahisi nini sasa anaposimulia. Mshauri huandika na kumsomea kikao kinachofuata. Vile vipande visivyo na tarehe hupewa tarehe na mahali, na taratibu king'ora hupungua. Anayetoa tiba hii lazima afundishwe na asimamiwe. Kumtaka mgonjwa asimulie yote mara moja dirishani pa dawa, huku foleni ikisikiliza, si tiba hiyo; na mapitio ya tafiti yaliyofanywa kuhusu kikao kimoja cha kulazimisha watu kueleza kiwewe mara tu baada ya tukio hayakuonyesha kwamba kinazuia ugonjwa.

Diazepamu nayo inahitaji tahadhari. Ni rahisi kuiandika na mgonjwa hurudi akiisifu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unakataza dawa za kundi hilo kutumika kwa dalili za kiwewe za siku za mwanzo, hata kwa kukosa usingizi. Huleta utegemezi, na zikichanganywa na pombe huweza kusimamisha pumzi. Zipo dawa za kutibu sonona ambazo husaidia baadhi ya wagonjwa. Uamuzi wa kuzianza na kuziacha ni wa daktari, na haziachwi kwa ghafla.

Jambo moja ambalo watafiti wamelirudia ni thamani ya watu walio karibu. Uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kukosa msaada wa jamii baada ya tukio ni miongoni mwa mambo yanayotabiri kwa nguvu zaidi nani ataugua. Tambarare ya Kyela ina urithi unaohusika moja kwa moja. Monica Wilson, aliyeishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao na kuzeeka pamoja, na jinsi ukwangala, yaani raha na wajibu wa kukaa pamoja, kula na kuzungumza na wenzako, ulivyohesabiwa kuwa wema mkuu wa maisha. Vijiji vya rika vimekwisha. Lakini kikosi cha jeshi ni rika, na mstaafu aliyerudi peke yake kwenye shamba la kakao au mpunga amelipoteza rika lake la pili. Kundi dogo la wastaafu wanaokutana kila mwezi, wakitembeleana anapokosekana mmoja, linagharimu kidogo kuliko chochote kilicho kwenye kabati la dawa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kulianzisha kwa kumwomba mstaafu mmoja anayeheshimika awaalike wenzake.

Utafiti wenyewe una deni kwa watu hawa. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Muhimbili walifuatilia maambukizi ya virusi vya UKIMWI miongoni mwa askari polisi wa Dar es Salaam, na mwaka 2007 watu 60 wa kujitolea, wengi wao kutoka jeshi hilo, walishiriki katika jaribio la chanjo. Tanzania ilipata maarifa ambayo hayakuishia kwa wenye sare. Hata hivyo askari amefundishwa kutii, na ridhaa inayotolewa mbele ya mkubwa wa kazi ina shaka. Anayetaka kuchunguza afya ya akili ya askari au mstaafu hana budi kumkuta mbali na ngazi ya amri, kumhakikishia kwamba jibu lake halitafika kwa mwajiri wala ofisi ya pensheni, na kumpa nafasi halisi ya kukataa. Bila hayo, atapata majibu ya gwaride.

Usiri huo huo unahitajika kwenye chumba cha mashauriano. Askari aliye kazini huogopa kupoteza safari, cheo au silaha. Mstaafu huogopa kuitwa mwendawazimu na wajukuu. Mlango ufungwe, na karatasi isiachwe wazi mezani. Kisha mtoa huduma aulize kwa uwazi kama mgonjwa amefikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Wengi hupumua kwa kusikia kwamba mtu amethubutu kulitaja. Akikiri, asiachwe peke yake siku hiyo, familia ishirikishwe kwa idhini yake inapowezekana, na rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya au ya kanda Mbeya iandikwe palepale, pamoja na jina la atakayemsindikiza. Nyumbani, sumu za kunyunyizia kakao na mpunga zitolewe chumbani na kufungiwa kwa jirani anayeaminika, na kama kuna silaha, ndugu wazungumze naye juu ya mahali pengine pa kuitunza hadi hali itulie.

Mke au mtoto anayelala nyumba moja na mgonjwa wa namna hii naye aulizwe usingizi wake. Amwamshe aliye katika jinamizi kwa kumwita jina akiwa mbali kidogo, taa ikiwa imewashwa, bila kumshika. Awaeleze watoto, kwa maneno ya umri wao, kwamba baba hajawakasirikia. Na siku ya kurudi kliniki ipangwe kwa tarehe kamili, ikiwezekana mapema, kabla wiki mbili hazijapita, kwa maana mtu aliyefungua kinywa mara ya kwanza baada ya miaka 40 huweza kujutia jioni ile ile na asirudi tena asipoitwa.